Mteja wa "imeshavaliwa hii?" leo kanimaliza kabisa

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, mkiona herufi zimerukwa msinisahihishe.

Mnamjua. Kila anayeuza mitumba mtandaoni anamjua. Yule wa "ipo?" saa nane usiku. Yule anayeandika "bei?" chini ya picha ambayo bei imeandikwa kubwa kuliko nguo yenyewe. Simtaji, sina haja, najua mshaanza kucheka.

Leo kaniuliza: "Samahani, hii imeshavaliwa?"

IMESHAVALIWA! Kwenye ukurasa wa mitumba!

Ngoja niwaeleze tulikotoka. Gauni la kitani, mikono mirefu, kola imesimama, halina doa, halina uzi uliochomoka. Ukifungua belo, lile furushi la mitumba, ukakutana na kitu kama kile unakaa chini kwanza. Nikapiga picha, nikaweka. Akaja. Akaomba vipimo, nikampa kifua, kiuno, nyonga, bega kwa bega, urefu wa mkono. Akasema hataki hesabu, anataka saizi. Nikamwambia lebo inasema 12 ya Uingereza. Akasema yeye ni 8. Nikamweleza kwamba 12 ya Uingereza ni kama 8 ya Marekani, na nchi nyingine za Ulaya wataiandika 40, ndiyo maana nilimpa sentimita, sentimita hazina uraia. Akajibu, "Sawa, ila mimi ni 8."

Akaomba picha ya juani. Nikatoka nje. Jua limezidi. Nikaingia kivulini. Kivuli kimezidi. Akataka video ya zipu ikipanda na kushuka, nimeipandisha na kuishusha ile zipu mpaka tumezoeana, nikiiita inakuja yenyewe. Akataka nilivae nitembee. Nikatembea sebuleni kama nimerukwa na akili, watoto wananiangalia. Akaniambia ninuse kwapa la gauni nimwambie linanukia nini. Na nikanusa! Nikaandika, "Linanukia sabuni." Akauliza sabuni gani.

Akasema "niwekee". Nikaweka. Watu wenye hela zao mkononi nikawaambia limeshakwenda.

Sasa gauni limepigwa pasi, limekunjwa, limo mfukoni, nasubiri anwani tu, ndipo ananiletea: "Samahani, hii imeshavaliwa?"

Nikadhani utani, nikamtumia kikatuni cha kucheka. Akajibu: "Nauliza kwa sababu mimi sivai nguo za marehemu."

Marehemu, jamani! Kamuua nani? Mwenye gauni huko aliko pengine kanenepa tu, au kabati limejaa, au kanunua kwa pupa hakuvaa hata siku moja, maana humo kwenye belo tunakuta hata zenye karatasi ya bei ya dukani bado inaning'inia. Mimi leo nimekuwa mfukua makaburi! Na hizo za dukani mnazoziita mpya, kile chumba cha kujaribia watu huwa wanaingia kusali?

Nikamwandikia aya nzima. Tiki mbili za bluu. Kimya. Kidogo naona kaweka stetasi: "Wauzaji wa mtandaoni jifunzeni kuheshimu wateja."

Kinachoniuma ni ile "samahani". Angeuliza kwa ubabe ningemwelewa. "Samahani, hii imeshavaliwa?" Baada ya mimi kunusa kwapa!

Nawasilisha.

Kifungo cha Juu: Pole sana dada. Ila tusitoke kwenye msingi: imeshavaliwa?

Sindano Butu: Hahahaha nimecheka hadi bosi kageuka. Gauni bado lipo?

Mleta uzi: Kifungo, nakuombea wateja kama yeye, tena waje kwa pamoja. Sindano, lipo, njoo inboksi.

Sindano Butu: Bei?

Mleta uzi: Mungu nichukue.

Kifungo cha Juu: Usife, hatanunua tena.

Doa Sugu: Huyo wenu ana nafuu. Wangu alichukua sweta la sufu. Lebo ina ile alama ya beseni lenye mkono ndani, yaani fua kwa mikono. Yeye kaliloweka kwenye maji ya moto, kalisukumia kwenye mashine, kaniletea kitu cha kumtosha mwanasesere, anadai nimemtumia la mtoto. Nikamweleza kwa upole: sufu ina magamba madogo madogo, ikipata joto na msukosuko yanashikana na hayaachiani tena. Akanijibu, "Mimi nilinunua sweta, sikununua samaki."

Pasi Baridi: Samaki! Nimekufa.

Mleta uzi: Doa pole, ila wako angalau alilipa. Wangu kanusisha watu halafu anauliza imeshavaliwa.

Pasi Baridi: Wangu kanunua koti Ijumaa, Jumatatu karudisha, "halikunikaa vizuri". Naingiza mkono mfukoni nakutana na kadi ya harusi ya Jumamosi. Kwapani kuna utepe mweupe wa ile dawa ya kuzuia jasho. Halikumkaa vipi wakati lilikesha naye?

Kabati Tupu: Na nyie wauzaji je? Mbona mmejazana humu kama malaika? Picha ni bluu, mzigo ukifika ni kijivu. Mnalikaza gauni kwa vibanio nyuma ya sanamu ili lionekane limeshika kiuno, mtu akivaa anafanana na turubai. "Kidoa kidogo hakionekani." Nimefungua mfuko, kidoa ndicho kilichonisalimia! Na hii gredi A, kila ukurasa gredi A. B na C huwa mnazila?

Mleta uzi: Kabati, fungua uzi wako. Hapa mimi ndiye niliyeitwa mfukua makaburi.

Kifungo cha Juu: Hakukuita. Umejiita mwenyewe, panda juu usome.

Kabati Tupu: Sifungui uzi, nitamalizia humu humu. Kuna mmoja, na mnamjua, anauza "hariri asilia". Nimepindua lebo ya ndani, poliesta asilimia 100. Nikamuuliza, akasema lebo ilishonwa kimakosa kiwandani.

Doa Sugu: Huyo namjua! Kaniuzia "kitani" ambacho hakikunji. Kitani gani hakikunji? Kitani ukikiangalia tu vibaya kinajikunja.

Sindano Butu: Mbona wa kwangu hukata lebo kabisa? Ukiuliza anasema zinawasha shingoni. Shingo ya nani wakati hajaivaa?

Kifungo cha Juu: Si mnaona? Kumbe swali la "imeshavaliwa" ni la maana.

Mleta uzi: Kifungo niache. Nakuomba.

Mzee wa Jinzi: Vijana mnapoteza nguvu kwenye magauni. Mali ni jinzi. Zile ripiti za shaba pembeni ya mifuko zilipata hataza, yaani haki ya ubunifu, mwaka 1873, ya Levi Strauss na fundi cherehani Jacob Davis, na hadi leo hakuna aliyebuni kitu bora zaidi. Ukikuta Levi's, tazama kile kilebo chekundu cha mfuko wa nyuma. Jina likiwa lote kwa herufi kubwa, E ikiwa kubwa, ni ya kabla ya mabadiliko ya 1971. Wapo watu wanailipia hela nzito, tena iwe imevaliwa mpaka imepauka magotini. Wangu mmoja kaja kuniuliza kama ninaweza kuipaka rangi iwe mpya.

Pasi Baridi: Kwa hiyo za marehemu ndizo ghali?

Mzee wa Jinzi: Ghali sana, mwanangu.

Zipu Mbovu: Mzee usiwadanganye watu. E kubwa siku hizi inatengenezwa tena kwenye matoleo ya kuiga ya zamani. Mtu atatapeliwa mchana kweupe. Angalieni zipu. Ikiandikwa YKK ni halali.

Mzee wa Jinzi: YKK ni kampuni ya Japani, imeanza 1934, zipu zake zinashonwa kwenye kila kitu chini ya jua mpaka mahema. Hiyo itathibitisha nini? Utanunua hema ukidhani ni Levi's.

Zipu Mbovu: Mzee, mimi ni fundi, hizi zipu nazibadilisha kila siku.

Mzee wa Jinzi: Ndiyo maana jina lako ni Mbovu.

Mleta uzi: Fundi, kwa kuwa upo, zipu ya hili gauni sasa inapanda vizuri lakini meno yanaachia nyuma yake. Nadhani ni zile video.

Zipu Mbovu: Hayo si meno, ni kichwa kimelegea. Chukua koleo ndogo, bana pembeni za kichwa taratibu, upande huu kisha huu. Ukibana kwa nguvu kitapasuka, usije ukanifungulia uzi. Kama inakwama, paka sabuni ya kipande.

Doa Sugu: Sabuni inaacha utando mweupe. Mshumaa.

Zipu Mbovu: Mshumaa nta yake inaingia kwenye kitambaa, ukipiga pasi inasambaa.

Doa Sugu: Nani anapiga pasi juu ya zipu?

Pasi Baridi: Mimi.

Mzee wa Jinzi: Penseli. Ncha ya penseli kwenye meno, basi. Miaka yote nafanya hivyo.

Kabati Tupu: Penseli kwenye gauni jeupe, mzee?

Mzee wa Jinzi: Mimi nimesema jinzi. Kila siku nasema jinzi.