Motisha gani ilikufanya upende kazi yako? Tupeane uzoefu watu wa Malindi na Lamu

Salaam jamani. Hili neno motisha tunalisikia kila baraza la chifu na kila semina lakini kila mtu ana lake, mwingine anajua ni nauli, mwingine cheti, na kuna wanaowaza chai ya chini ya meza, hiyo ni hongo wallahi, motisha hutolewa mchana kweupe na kila mtu ajue umeipata kwa lipi. Mshahara nao ni haki yako, tusiuhesabu. Naanza na yangu.

Niko Gede, nafuga vipepeo. Zamani msitu wa Arabuko-Sokoke tuliuona ni wa serikali tu, tembo wanatoka wanamaliza mahindi na sisi hatupati kitu, kwa hivyo mtu akikata mti hata jirani hamsemi. Mradi wa Kipepeo ulipoanza 1993 pale magofuni ndio watu wakaona faida mkononi. Unanasa vipepeo wazazi pembeni mwa msitu unawaweka kwenye kibanda cha neti, wanataga, viwavi unawalisha majani ya mti wanaoupenda wenyewe (ukiwapa mengine wanakufa njaa), wakishakuwa pupa (kiwavi aliyejifunga gandani kabla ya kutoka kipepeo) unazipeleka ofisini zinachaguliwa zilizo nzima, zinapandishwa ndege kwenda kuuzwa ng'ambo haraka kabla hazijapasuka. Sai nikisikia panga msituni roho inaniruka, manake hicho ndicho chakula cha viwavi wangu kinakatwa. Haya, leteni zenu.

Mvuvi, Mayungu
Sisi ni kasa. Akinasa kwenye jarife zamani ilikuwa kitoweo, sai tunapigia simu wale watu wa kasa wa Watamu, wanakuja wanampima, wanampiga alama wanamrudisha baharini, na wewe unapewa kiasi kidogo cha pesa ya muda wako. Wengine wanalalamika ni kidogo mno lakini mi naona ni sawa hivyo, kikiwa kikubwa watu wataacha samaki waanze kutega kasa makusudi.

Mwenye punda, Langoni, Lamu
Huku kituo cha punda kipo tangu 1987, matibabu bure, na hushindanisha punda waliotunzwa vizuri wenye punda wapewe zawadi. Yaani watoto wangu mashindano yakikaribia wanampeleka baharini kumwosha wenyewe, wanakagua mgongo kama shogi (mfuko wa mizigo wa mgongoni) limemchubua, na kijana akimpakia mchanga kupita kiasi wanamgombeza hata akiwa mkubwa wao. Mimi maneno yangu ya miaka hayakufanya hivyo.

Mama wa afya ya jamii, Faza
Hongereni wenzangu. Sisi tulizunguka nyumba kwa nyumba miaka mingi bila malipo, tukipata fulana tunashukuru. 2023 ndio serikali ikatuita mapromota wa afya ya jamii, tukapewa mikoba ya vifaa na simu na posho ya 5,000 kwa mwezi, nusu serikali kuu nusu kaunti. Imesaidia sana, heshima pia imekuja. Ila hela ikichelewa nawaambia kweli moyo unapoa, mama mjamzito yuko mwisho wa mji na boda anataka pesa yake sasa hivi. Motisha iwe na tarehe jamani.

Maalim wa chuo (madrasa), Shela
Mie nilikuwa nikimaliza kuwasikiliza sura natoa halua kwa aliyehifadhi. Walichangamka, halafu wakaanza kuniuliza kabla ya kufungua msahafu, maalim leo kuna nini? Nikaiacha ya kila siku, sasa natoa akikhitimu juzuu, na mzazi wake namwita ashuhudie. Mtoto akimwona babake anatabasamu ile halua hata haikumbuki.

Mhudumu wa hoteli, Malindi
Kwetu tipu zote zinaingia boksi moja, Jumamosi tunagawana hadi mpishi na muosha vyombo, manake mgeni hamwoni yule wa jikoni lakini chakula ndicho kilichomfurahisha. Wenzetu wa mapokezi hawataki, wanasema kila mtu ale kwa jasho lake. Hoteli zenu mnagawaje?