Kusoma mwaka kwenye makaburi ya Waarmenia: Julfa Mpya, Madras na Fresno

Mchimbua_Nyaraka

Wadau, salaam. Naandaa makala kuhusu kuhamahama kwa Waarmenia, na kuna picha tatu za mawe ya makaburi zimenigomea.

La kwanza lipo Julfa Mpya, Isfahan, Iran. Mwaka umeandikwa kwa herufi za Kiarmenia zinazotumika kama namba: ՌՃԻԷ. Jedwali la herufi linanipa 1127, lakini mji huo ulianza baada ya Shah Abbas, mfalme wa Uajemi, kuwang'oa watu wa Julfa ya zamani mwaka 1604 na 1605, kwa hiyo haiwezekani. La pili ni la Madras, India: ՃԼԲ, yaani 132, pamoja na neno Նադար (Nadar) na namba 10. La tatu lipo Fresno, California, lina tarakimu za kawaida, marehemu anaitwa Կարապետ. Kwenye orodha za abiria walioingia Marekani simwoni Karapet yeyote wa ukoo huo. Nakosea wapi?

Herufi36

Mkuu, jedwali umelisoma vizuri. Tatizo ni mwanzo wa hesabu. Waarmenia walikuwa na hesabu yao ya miaka iliyoanza tarehe 11 Julai 552, hivyo unajumlisha 551. 1127 + 551 = 1678. Ukitaka kuhakiki kanuni, chukua Biblia ya kwanza kuchapwa kwa Kiarmenia, ya Amsterdam: mwaka 1115 kwa hesabu hiyo, ambao ni 1666.

Angalizo moja. Mwaka huo wa zamani ulikuwa na siku 365 tu, bila mwaka mrefu, kwa hiyo sikukuu ya mwaka mpya ilirudi nyuma siku moja kila baada ya miaka minne. Kufikia mwaka 1127 ilikuwa imerudi hadi mwanzoni mwa Oktoba 1677. Jiwe likitaja msimu wa vuli, andika 1677. Lisipotaja mwezi, andika 1677/78 na usijitie uhakika usiokuwepo.

Sasa kuhusu herufi. Zile 36 za Mesrop Mashtots, aliyeunda alfabeti ya Kiarmenia, zimegawanywa safu nne za tisa tisa: mamoja Ա hadi Թ, makumi Ժ hadi Ղ, mamia Ճ hadi Ջ, maelfu Ռ hadi Ք. Sifuri haipo. Օ na Ֆ ziliongezwa karne nyingi baadaye, hivyo hazina thamani ya namba. Ukiziona ndani ya mwaka, umesoma vibaya. Namba hushuka kutoka kubwa kwenda ndogo, na kila safu hutoa herufi moja tu. Kanuni hiyo ndiyo inayookoa jiwe lililolika. Դ (4) na Ղ (90) hufanana sana, lakini baada ya Դ hakuna tarakimu nyingine inayoweza kufuata. Hatari zaidi ni Ե (5) na Է (7), maana zote ni za safu ya mamoja na nafasi haikusaidii. Kwenye picha yako angalia upya kama ile ya mwisho ni Է kweli. Tafuta picha iliyopigwa mwanga ukitoka pembeni, asubuhi au jioni. Ya saa sita mchana hufuta michoro yote. Wala usimwombe mtu apake chaki au povu la kunyolea juu ya jiwe, vinaliharibu.

Mstari uliochorwa juu ya herufi nao huwapoteza wengi. Unaweza kuashiria namba, au jina takatifu lililofupishwa. ԱԾ ni Mungu, si 51: moja haiwezi kutangulia hamsini. ՅՍ ni Yesu. Mwaka wenyewe kwa kawaida hutanguliwa na թվին au kifupi chake թվ.

Na si kila mwaka wa herufi unajumlishiwa 551. Ukikuta ՌՊ, yaani 1800 na kuendelea, huo tayari ni mwaka wa Kristo. Jumlisha kwanza, jibu likipita mwaka tulionao, usijumlishe, acha mwaka kama ulivyo kwenye jiwe.

Bandari_ya_Kale

Hilo la Madras msilijumlishie 551, mtapata 683! Hiyo ni kalenda ya Azaria wa Julfa, iliyoanza 21 Machi 1616, na wafanyabiashara wa Julfa Mpya waliitembeza hadi India. Unajumlisha 1615. 132 inakuwa 1747.

Dalili yake ni mwaka mfupi ukiandamana na majina ya miezi kama Shams, Adam, Shbat, Nakha, Ghamar, Nadar. Kila mwezi una siku 30, na siku tano za ziada huja mwisho. Nadar ni wa sita, unaanza 18 Agosti, hivyo 10 Nadar ni 27 Agosti kwa kalenda ya Julius, au 7 Septemba kwa kalenda tunayotumia leo. Mtego upo kwenye miezi miwili ya mwisho, Ovdan na Nirhan: tayari ni Januari hadi Machi, kwa hiyo jumlisha 1616.

Kaburi la Rezabeebeh, mwanamke wa Kiarmenia, kule Kolkata, India, husomwa kwa njia hii hii: mwezi wa Nakha, mwaka 15, yaani 1630. Wapo wanaopinga usomaji huo, kwa kuwa unatangulia kuja kwa Waingereza mjini hapo kwa miaka 60. Kwangu hoja hiyo haitoshi kuliangusha jiwe. Wafanyabiashara hawa hawakuwangoja Waingereza.

Mashariki_Magharibi

Huyo wa Fresno mtafute kama Garabed. Waliotoka Milki ya Osmani walisema Kiarmenia cha Magharibi, ambacho hubadilishana sauti: Կ hutamkwa g, Պ hutamkwa b, Տ hutamkwa d, na Գ, Բ, Դ huenda upande wa pili. Ndiyo maana Petros ni Bedros, Grigor ni Krikor. Mwisho wa jina la ukoo jaribu -ian kabla ya -yan.

Herufi36

Nyongeza: jiwe likitoka Kayseri au Istanbul na maneno hayapatikani kwenye kamusi yoyote ya Kiarmenia, lisome kwa sauti kwa matamshi hayo ya Magharibi. Huenda ni Kituruki kilichoandikwa kwa herufi za Kiarmenia. Huko Kamianets-Podilskyi, Ukraina, kumbukumbu za mahakama ya Waarmenia za karne ya 16 na 17 ni Kikipchaki, lugha ya jamii ya Kituruki, kwa herufi hizo hizo.

Mchimbua_Nyaraka

Nimeikuza picha ya Isfahan. Mguu wa herufi ya mwisho umemeguka, kwa hiyo nitaandika 1125 au 1127 kwa hesabu ya Kiarmenia.