Antena zimejaa darini, simu hazitoki: ni nani aliyeupokea mfumo huu?

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Jengo la ofisi tulilopanga hapa Dodoma lina vioo vyenye utando wa metali wa kuzuia joto la jua, ambao huzuia pia mawimbi ya simu, ndiyo maana zikafungwa antena ndogo nyeupe darini kila ghorofa. Gharama yake tunaibeba wapangaji katika tozo ya huduma, lakini mwananchi aliyetoka Kongwa au Mpwapwa kuja kulipia kwa simu bado anaambiwa ashuke ngazi, asimame juani hadi ujumbe wa uthibitisho uingie, kisha apande tena.

Msimamizi anatujibu kwamba tatizo liko kwenye Mkongo wa Taifa, yaani njia kuu ya faiba ya nchi. Jibu hilo ni la kutupumbaza, kwa sababu Mkongo haumo katika safari ya kutoka chumba cha mitambo hadi kwenye dari letu. Mfumo wetu ni wa analojia: mawimbi ya redio yanaingizwa kwenye leza huko chini, yanapanda kama mwanga ndani ya faiba, na ghorofani kifaa kinaugeuza mwanga kuwa mawimbi tena, kinayakuza na kuyapeleka kwenye antena. Faiba hiyo hupoteza takriban desibeli (kipimo cha kupungua kwa nguvu) 0.35 tu kwa kilomita nzima, wakati kebo ya shaba ya nusu inchi hupoteza takriban desibeli 7 kwa mita 100 katika megahezi 900. Faiba haina kosa. Kosa ni la aliyeifunga.

Kabati la ghorofa yetu lilipofunguliwa, nilikuta uzi wa faiba wa kurudisha mawimbi ya simu zetu chini umekunjwa kona kali na kukazwa kwenye bomba la maji, na konekta (ncha ya kuunganishia) ya bluu imeshindiliwa kwenye adapta ya kijani. Fundi yeyote wa faiba anajua kwamba ncha ya kijani imechongwa mshazari wa digrii 8 ili mwanga usirudi kwenye leza, na ya bluu haina mshazari huo. Ukiziunganisha, mwanga mwingi unapotea na mwingine unarudi kuivuruga leza. Kila desibeli 1 ya mwanga inayopotea hapo huwa 2 kwenye mawimbi ya redio. Matokeo yake simu inaonyesha alama zote za mtandao, maana mawimbi yanayotoka mtandaoni kuja kwenye simu yanafika vizuri, lakini ukipiga haitoki, kwa kuwa mawimbi hafifu ya simu yako yanamezwa na kelele njiani.

Tulipoomba ripoti ya vipimo vya makabidhiano, tukaletewa picha za antena. Picha!

Tunataka kila uzi upimwe upya, kila ghorofa ikaguliwe kwa laini za kampuni zote za simu mpangaji akishuhudia, na tozo isitishwe hadi hapo. Mwenye ripoti kamili ya makabidhiano ya jengo lake, iwe Mtumba au Njedengwa, naomba aiweke hapa tukambane nayo msimamizi.