Naombeni ushauri: kumwasili mtoto wa marehemu mdogo wangu nikiwa Marekani

Habari zenu ndugu zangu. Mimi na mume wangu tunaishi Ohio. Mdogo wangu alifariki mwaka juzi akaacha binti, sasa ana miaka sita. Baba yake alishatangulia. Yupo Tanga kwa mama yangu, ambaye magoti yamemchosha, hata kumpeleka shule ni shida. Tumeamua kumwasili.

Hapa ndipo tulipokwama. Mume wangu alichukua uraia wa Marekani, na kwa kuwa Tanzania haina uraia pacha, kisheria sasa ni mgeni. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mgeni awe ameishi nchini miaka mitatu mfululizo, tena awe amemlea mtoto kwanza, ndipo Mahakama Kuu itoe amri. Mimi bado nina pasipoti ya Tanzania. Lakini huku, anayeruhusiwa kumwombea viza ya yatima ni raia, yaani yeye.

Wakili wa kwanza alikula hela yetu akazima simu. Inaniuma sana.

Kuna aliyepitia hili mkiwa wanandoa wenye uraia tofauti? Mahakama ilimchukuliaje yule mgeni? Nikirudi peke yangu nikakae na mtoto, itasaidia? Ustawi wa jamii tuanzie wilayani au Dodoma?

Jana kwenye simu alikuwa amejifunika khanga ya mama yake. Akaniuliza, "Mama mkubwa, unakuja kunichukua lini?" Nilikosa la kumjibu.