Mjadala: Mawingu ya baharini yang'arishwe ili dunia ipoe?

Mwanzisha mada, Mbeya: Wakuu, kuna wanasayansi wanaotaka kupuliza chembe za chumvi kwenye mawingu ya chini ya baharini yawe meupe zaidi, yarudishe jua lilikotoka. Australia walianza majaribio madogo mwaka 2020 kulinda matumbawe ya Great Barrier Reef. Mimi napinga.

Mawingu yana kazi mbili zinazovutana. Mchana yanakinga jua. Saa zote yanazuia joto linalotoka ardhini lisipotelee juu. Mkulima wa Makete anaijua hii ya pili bila darasa: Juni na Julai usiku ukiwa na mawingu viazi vinapona, kukiwa kweupe sakitu inababua majani. Kwa dunia nzima ubaridi ndio unaoshinda, takriban wati 20 kwa kila mita ya mraba. Ndiyo maana watu wanayamezea mate.

Lakini upepo na mvua hufuata tofauti za joto. Ukanda mvua, yaani mkanda wa mawingu ya mvua unaozunguka dunia karibu na ikweta, huelekea nusu ya dunia yenye joto zaidi. Poza bahari za kusini, unasogea kaskazini, mbali nasi. Sisi tuna msimu mmoja wa mvua, Novemba hadi Aprili. Ukiharibika, hatuna vuli wala masika ya kufidia kama wenzetu wa Kilimanjaro.

Mwalimu wa jiografia, Iringa: Mkuu, kwani sasa hivi mvua imetulia? Hewa ukaa inaivuruga tayari. Na moshi wa meli wenye salfa ulikuwa ukiyang'arisha mawingu miaka yote, mpaka 2020 kiwango cha salfa kwenye mafuta ya meli kiliposhushwa kutoka 3.5% hadi 0.5%. Nani alituuliza? Utafiti ufanyike, na vijana wetu wawemo.

Mkulima wa chai, Mufindi: Wa kwenye kompyuta, sawa. Tena umeshaonyesha kwamba kung'arisha mawingu ya pwani ya Namibia kunaweza kupunguza mvua Amazon, ng'ambo ya bahari! Nairobi 2024, kwenye Baraza la Mazingira la Umoja wa Mataifa, hata pendekezo la kuunda kikundi cha wataalamu wa kuchunguza mbinu za kupunguza jua lilikosa muafaka likaondolewa. Nchi za Afrika zilitaka mbinu hizi zisitumike kabisa.

Mwanzisha mada: Mwalimu, moshi wa meli ulikuwa uchafu, hakuna aliyeupanga. Huu ni uamuzi wa mtu. Basi nijibu hili moja: mahindi yakikauka Mbozi mwaka uleule waliopuliza, nani atathibitisha kuwa ni wao, na nani atalipa?

Mwalimu wa jiografia, Iringa: Kuthibitisha ndiko kunakohitaji huo utafiti unaoukataa. Kulipa, hapo sina jibu.