Kujumua chakula cha mwezi Kigoma: kipi kinalipa?

MwangaJuu
Wakuu, habari za jioni. Nyumba ya watu watano hapa Mwanga. Maharage, dagaa, mawese na unga tunachukua dukani kidogokidogo, na hela inakata kabla ya mwezi. Nataka kujumua, ila nasikia maharage yanabunguliwa na mawese yanachacha. Nianze na kipi, kiasi gani?

Kisado4
Anza na maharage. Kisado ni lita 4, kinatoa kilo tatu na kitu. Nusu kilo yanatosha watu watano mlo mmoja, kwa hiyo mkila mara tatu kwa wiki, visado viwili vinafika mwisho wa mwezi. Gunia la nini? Kagua kitako cha kisado kabla hakijajazwa, vingine vimegongwa vikabonyea ndani.

Yanayoshuka kutoka Kasulu na Kibondo msimu wa mavuno ndiyo nafuu, lakini mengi hayajakauka. Ng'ata punje: ikilia na kupasuka, sawa. Jino likizama, anika kwanza.

Wadudu mara nyingi huja na mayai tangu shambani, ndiyo maana ndoo yenye mfuniko haisaidii. Wanyime hewa. Chukua chupa za maji za lita moja na nusu, zikauke kabisa, jaza mpaka shingoni huku unagongagonga, kaza kifuniko. Visado viwili vinaingia chupa sita hivi. Fungua moja moja. Dumu kubwa unalofungua kila siku linaingiza hewa, na wadudu wanaendelea.

Kupika: loweka usiku kucha, mwaga maji yale. Mkaa utaona tofauti.

ChanjaKibirizi
Dagaa nunua wakati wa giza. Wavuvi wanawavuta kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka taa hazina nguvu, mzigo unapungua, bei inapanda.

Tia mkono katikati ya fungu, sio juu, kisha tikisa dagaa kwenye karatasi. Mchanga ukidondoka ujue walianikwa chini na wewe unalipia mchanga. Wa chanja bei yao iko juu kidogo, lakini bora hao. Akivunjika ni mkavu. Akikunjika ana unyevu, mrudishe juani kabla ya kufunga. Mwaka 2024 uvuvi ziwani ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Likitoka tangazo la namna hiyo, weka akiba mapema.

Mise_Nyekundu
Mawese yanaharibiwa na maji yaliyobaki humo. Pasha kijiko kimoja kwenye kikaango, yakitatarika yana maji. Dawa: moto mdogo mpaka yaache kutatarika, bila kutoa moshi. Yapoe, chuja kwa kitambaa, jaza dumu kavu la lita 5, weka gizani. Yakiganda msiyatupe jamani, ndivyo yalivyo.

MwangaJuu
Asanteni sana. Na unga?

Kisado4
Usijumue unga, jumua mahindi. Dona ina kiini chenye mafuta, ikikaa inakuwa chungu. Kilo moja kwa siku kwa ugali wa mlo mmoja, basi debe mbili za mahindi zinavuka mwezi. Saga ya wiki mbili, iache ipoe ndipo ufunge. Ikifungwa ya moto inatoa jasho na kuvunda. Ukikoboa, pumba usiwaachie mashineni, ni mahindi yako. Makopa ya muhogo yenye ukungu acha hata kwa bei ya bure.

Nyanya chukua za siku mbili tu.