Mrejesho: Ile gari ya huduma za kulipia

Wakuu, niliuliza kama ninunue gari iliyotumika kutoka Uingereza, ambayo skrini yake ilisema baadhi ya huduma muda wake umeisha, na viti havipati joto. Nimeinunua, ninayo hapa Arusha.

Fundi umeme wa Moshi aliipima kwa kompyuta. Joto la viti halidai malipo yoyote, ilikuwa fyuzi tu. Kilichokufa ni kuwasha gari kwa simu na taarifa za foleni, maana hivyo hupitia laini ya simu iliyomo ndani ya gari hadi seva (kompyuta) za kiwanda. Nimeachana navyo, muuzaji akapunguza bei.

Bado jambo hili linaniuma. Mwaka 2022 BMW walikuwa wanauza joto la viti kwa mwezi huko Uingereza, waya zikiwa tayari zimo kitini! Watu walilalamika sana, mwaka 2023 wakaacha. Kitu kimo ndani ya gari langu, nimeshakilipia, nikipange tena kama chumba? Sikubali.

Mnaotaka kununua: hakikisheni akaunti ya mwenye gari wa zamani imefutwa. Kwenye gari langu, ya kwake ilikuwa bado imo.